Skizofrenia: Ugonjwa unaodhaniwa uchawi, na namna ya kumuuguza mgonjwa

Na Mwandishi Wetu, Tabora

SKIZOFRENIA ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayochelewa mno kufika hospitali. Mara nyingi sababu si umbali peke yake, bali ni kwamba ndugu wa mgonjwa hawajatambua kuwa wanachokiona ni ugonjwa. Mgonjwa husema anasikia watu wakimjadili usiku, au kwamba jirani amemtupia kitu kichwani. Katika familia nyingi za Tabora na kwingineko nchini, maneno hayo hupokewa kama ushahidi wa kurogwa, si kama dalili.

Ucheleweshaji huo una gharama kubwa. Wataalamu wa afya ya akili wanaeleza kuwa kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu bila tiba tangu dalili za kwanza, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kwa taabu zaidi. Aidha, gharama hiyo haimwangukii mgonjwa pekee. Mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza imetajwa kwa miaka mingi katika taarifa za mauaji ya wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Pale ambapo shutuma inayotoka kinywani mwa mgonjwa inachukuliwa kuwa ushahidi, ugonjwa wa mtu mmoja unaweza kuhatarisha uhai wa mwingine.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, zaidi ya watu milioni 20 duniani wanaishi na ugonjwa huu, ikiwa ni wastani wa takriban mtu 1 katika kila watu 300 hadi 350. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.3 katika Mkoa wa Tabora. Iwapo wastani huo wa dunia utatumika, mkoa huu pekee utakuwa na wagonjwa wanaokaribia 10,000. Hayo ni makadirio tu, lakini yanatosha kuonyesha kuwa huu si ugonjwa wa mtu mmoja anayeokota makopo sokoni. Ni ugonjwa uliomo majumbani.

Maana ya saikosisi na skizofrenia

Saikosisi ni hali ya mtu kupoteza uwezo wa kutofautisha yaliyo halisi na yale yanayozalishwa na ubongo wake mwenyewe. Ni hali, si jina la ugonjwa mmoja, kama vile homa ilivyo dalili inayoweza kuletwa na malaria, taifodi au nimonia. Skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa yanayoleta saikosisi, nayo hudumu kwa muda mrefu. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa, ulioanza kutumika mwaka 2022, unataka dalili ziwepo kwa walau mwezi 1 ndipo jina hilo litumike.

Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili. Tafsiri hiyo imewapotosha watu wengi wakidhani mgonjwa ana nafsi mbili zinazopokezana. Sivyo. Kinachopasuka ni mshikamano wa mawazo, hisia na matendo ndani ya nafsi ile ile moja.

Ugonjwa huu huwapata wanaume na wanawake, na kwa kawaida huanza mwishoni mwa umri wa balehe hadi miaka ya 20, wanaume wakitangulia kidogo. Kwa mji kama Tabora, wenye shule za sekondari za siku nyingi na vyuo, hili si jambo dogo. Ndio umri ambao kijana yuko kidato cha tano au cha sita, na kushuka ghafla kwa maendeleo yake huweza kuhesabiwa kuwa utoro, kiburi au bangi, wakati kumbe ni ugonjwa unaoanza.

Dalili zake

Dalili za skizofrenia hugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la mambo yanayoongezeka ambayo hayakuwepo. Hapa kuna maruweruwe, hususan kusikia sauti zisizo na msemaji. Sauti hizo zinaweza kumtukana mgonjwa, kumsimulia kila anachofanya, kujadiliana juu yake au kumwamuru. Kwa mgonjwa ni sauti kamili, inayosikika kama sauti ya mtu aliye chumbani. Kuna pia imani potofu zisizobadilishwa na ushahidi wowote: kwamba anafuatiliwa, kwamba chakula chake kina sumu, kwamba redio inamtaja yeye, au kwamba mawazo yake yanasomwa na watu wa mtaa mzima.

Kundi la pili ni la mambo yanayopungua. Mgonjwa huacha kuoga, huongea kwa neno moja moja, huonyesha uso usio na furaha wala huzuni, hukosa ari ya kazi na huwakimbia rafiki zake. Dalili hizi ndizo huichosha familia zaidi, kwa kuwa zinafanana na uvivu. Dawa zilizopo huzipunguza kwa kiasi kidogo tu, na ndiyo maana uuguzi una nafasi kubwa.

Kundi la tatu ni la mvurugiko wa fikra na mwenendo. Mgonjwa huruka kutoka habari moja kwenda nyingine bila kiungo, hujibu swali ambalo hakuulizwa, hucheka mahali pa msiba, au husimama katika mkao mmoja kwa saa nyingi.

Ugonjwa huzungumza lugha ya mahali

Jambo moja linalopaswa kueleweka ni kwamba ugonjwa hutoa umbo, lakini maudhui hukopwa kutoka katika jamii. Mgonjwa wa London anaweza kusema anafuatiliwa na wapelelezi kwa kamera. Mgonjwa wa Tabora anaweza kusema ametumiwa jini. Kinachotokea ubongoni kinaweza kuwa kile kile.

Tabora ina utajiri wa pekee wa maelezo ya aina hiyo. Katika karne ya 19 mji huu, uliojulikana pia kama Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wanyamwezi tayari walikuwa na wafumu wao, mizimu ya mababu na chama cha Waswezi, ambao wanachama wake hupandwa na pepo katika ngoma zao. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakaja na habari za majini. Baadaye Ukristo ukaleta maombi ya kufukuza mapepo. Hivyo familia ya leo ina njia nyingi za kueleza sauti zinazosikika usiku, na hospitali huweza kuwa njia ya mwisho.

Muuguzi hatakiwi kudharau imani hizo, kwa kuwa kuzidharau ni kuipoteza familia. Anachotakiwa ni kujua tofauti. Mtu anayepandwa na pepo katika ngoma hufanya hivyo mbele ya wenzake, kwa taratibu zinazojulikana. Ngoma ikikoma naye hurejea, na kesho yake yuko shambani. Mgonjwa wa skizofrenia yuko peke yake na sauti zake, hazina saa wala ngoma, na maisha yake yanaporomoka: halali, hali, hafanyi kazi, hajijali. Hata wenye imani kama yake husema kuwa amezidi. Kuporomoka huko ndicho kipimo, si yale anayoyaamini.

Si kila anayeweweseka ana skizofrenia

Kabla ya kutaja skizofrenia, ni lazima maradhi ya mwili yatafutwe. Historia ya njia hii ya misafara inao mfano. Mwaka 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na mwenzake Richard Burton katika safari ya kurudi pwani, aliugua vibaya hatua chache baada ya kuondoka Kazeh. Burton aliandika kuwa mwenzake aliota wanyama wakali wenye kulabu za chuma wakimburuta, akapata degedege, maumivu makali na maono ya kutisha. Mtazamaji angeweza kusema amerukwa na akili. Lakini maono hayo yalikuja pamoja na ugonjwa wa mwili, nayo yaliondoka ulipopungua. Speke alipona na kuendelea na safari.

Hivi leo pia, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa sukari mwilini, jeraha la kichwa, kifafa, kaswende iliyofika ubongoni, maambukizi yanayoambatana na VVU, na kuacha ghafla pombe kwa mnywaji wa muda mrefu vyote vinaweza kuleta kuweweseka. Hali kadhalika, baadhi ya wanawake hupata saikosisi katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, na hiyo ni dharura kwa mama na mtoto.

Ishara za kumtambua mwenye maradhi ya mwili ni hali kuanza ghafla kwa saa au siku chache, homa, kusinzia na kuzinduka, na kutojua mahali alipo au ni saa ngapi. Mgonjwa wa skizofrenia kwa kawaida hujua yupo wapi na leo ni siku gani, ijapokuwa anasikia sauti. Kwa sababu hiyo, kipimo cha joto, cha malaria na cha sukari hutangulia mazungumzo yoyote ya akili.

Chanzo chake

Hakuna chanzo kimoja. Urithi una nafasi kubwa: katika jamii kwa jumla, uwezekano wa mtu kuugua maishani ni chini kidogo ya asilimia 1 au karibu na hapo, lakini kwa mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa hufikia takriban asilimia 10. Hata hivyo, pacha wa kufanana wa mgonjwa naye huugua katika nusu au chini ya nusu ya nyakati tu, jambo linaloonyesha kuwa urithi si hukumu. Matatizo wakati wa ujauzito na uzazi, madhila ya utotoni na uvutaji wa bangi kwa wingi tangu ujana huongeza hatari. Malezi mabaya, laana au kusoma sana havisababishi skizofrenia.

Tiba ya dawa

Hadi katikati ya karne ya 20, hospitali za akili zilikuwa na kuta nyingi na dawa chache. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutumia klorpromazini, inayojulikana na wengi kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 haloperidoli ikagunduliwa nchini Ubelgiji. Dawa hizi na zilizofuata, kama risperidoni na olanzapini, hupunguza sauti na imani potofu kwa wagonjwa wengi. Wapo wanaotumia sindano ya muda mrefu, mfano flufenazini, inayochomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, ambayo humfaa anayesahau au anayeishi mbali na kituo.

Dawa hazifanyi kazi kwa siku moja. Usingizi na utulivu huweza kurudi mapema, lakini sauti huchukua wiki kadhaa kufifia. Baada ya tukio la kwanza, miongozo ya WHO inataka matibabu yaendelee kwa walau miezi 12 baada ya dalili kwisha. Wengi huacha mara wanapojisikia nafuu, na ugonjwa huwarudia.

Sababu nyingine ya kuacha ni madhara ya dawa. Mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, shingo kupinda, mate kutiririka, kushindwa kutulia mahali pamoja, kunenepa na kupungua nguvu za kiume ni mambo yanayotokea na yanayoweza kushughulikiwa kwa kubadili kipimo au dawa. Hata hivyo, homa kali pamoja na mwili kukakamaa kwa mtu anayetumia dawa hizi ni dharura. Dawa isimamishwe na apelekwe hospitali mara moja.

Kumuuguza mgonjwa

Kazi ya kwanza ya uuguzi ni usalama. Anayemkabili mgonjwa aliyechachamaa awe mmoja, azungumze taratibu, asimame umbali wa kutosha na asimzibie mlango. Watazamaji waondolewe, na panga, shoka na mchi viwekwe mbali. Kamba na minyororo si tiba. Hukata ngozi, huvunja utu na humfunza mgonjwa kuwa hofu yake ilikuwa ya kweli. Iwapo kumzuia hakuepukiki, kuwe kwa mikono ya watu, kwa dakika chache na chini ya usimamizi wa mtaalamu.

Kazi ya pili ni mazungumzo. Kosa la kwanza ni kubishana, kwa kumwambia mgonjwa kuwa anaongopa. Kosa la pili ni kukubaliana naye, kwa kusema kuwa ni kweli jirani ndiye. Njia ya katikati ni kuikubali hofu bila kuikubali habari. Muuguzi anaweza kusema: “Mdogo wangu, mimi sauti hiyo siisikii, ila naona inakutisha. Nipo hapa.” Kwa mtu mzima ataanza kwa shikamoo na kumwita baba au mama, kwa kuwa ugonjwa haumwondolei mtu heshima ya umri wake. Muhimu zaidi, aulizwe waziwazi sauti zinasema nini na kama zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu. Swali hilo halimpi mgonjwa wazo jipya, humwokoa. Watu wenye skizofrenia wako katika hatari kubwa ya kujiua kuliko watu wengine, na anayekiri kupewa amri hizo hapaswi kuachwa peke yake.

Kazi ya tatu ni mwili. Anayehofia sumu apewe chakula anachoweza kukithibitisha mwenyewe, kama yai la kuchemsha lenye ganda, ndizi isiyomenywa au ugali anaojimegea kwenye sahani ya wote. Maji, usingizi, kuoga na kukata kucha viwekwe katika ratiba. WHO inaeleza kuwa watu wenye skizofrenia wana uwezekano mara 2 hadi 3 zaidi wa kufariki mapema, na vifo vingi hutokana na maradhi ya mwili kama ya moyo, kisukari na maambukizi. Kwa hiyo uzito, shinikizo la damu na sukari vipimwe; malalamiko yake ya maumivu yasichukuliwe kuwa sehemu ya wazimu.

Kazi ya nne ni kumrejesha katika shughuli. Kwa mwenye dalili za kupungukiwa ari, hatua huwa ndogo: leo kufagia uwanja, wiki ijayo kuchota maji, baadaye kupalilia karanga pamoja na wengine. Kumpa kazi zote kwa siku moja humrudisha kitandani, na kutompa chochote humfanya mzigo.

Wajibu wa familia

Tafiti zilizoanza London mwishoni mwa miaka ya 1950 zilibaini kuwa mgonjwa anayerudi katika nyumba yenye lawama na makemeo hurudiwa na ugonjwa haraka kuliko anayerudi katika nyumba tulivu. Hii haina maana kuwa familia ndiyo iliyomwuguza, bali kwamba utulivu ni sehemu ya dawa.

Familia ijifunze ishara za ugonjwa kurudi, ambazo aghalabu hufanana kwa mgonjwa yule yule: kukosa usingizi siku tatu mfululizo, kuanza kufunga madirisha mchana, kuacha kula na wenzake. Ikiziona, isisubiri hadi aokote jiwe. Tarehe ya kuchukua dawa ipangwe mapema kabla ya msimu wa mvua, ambao Tabora huanza karibu na Novemba, kwa kuwa kazi za mashamba huweza kuifanya kaya nzima isahau kliniki. Na mwangalizi mkuu, ambaye mara nyingi ni mama au dada, apokezwe na wengine ili naye apumzike.

Mahali pa kupata huduma

Huduma za akili nchini zilianza mbali na Tabora. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1904 chini ya wamisionari wa Kijerumani. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, nayo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, iko karibu kilomita 400 hadi Dodoma, na kwa familia nyingi safari hiyo ilimaanisha kumwacha ndugu kwa muda mrefu pasipo kumtembelea.

Tangu miaka ya 1980, baada ya majaribio ya Morogoro na Kilimanjaro, sera imekuwa kusogeza huduma hizi katika hospitali za mikoa, wilaya na vituo vya chini. Kwa wakazi wa Tabora, mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, na rufaa yake ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua mgonjwa anayelazwa kwa hiari yake na yule anayelazwa bila ridhaa pale hali inapolazimu.

Waganga wa jadi nao hawawezi kuachwa nje ya mpango. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watu waliokwenda kwa waganga hao walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi, kiwango ambacho ni mara mbili ya kile kilichokutwa katika kliniki. Wagonjwa wanakwenda huko kwanza. Mganga anayejua kuwa homa, kukosa usingizi na amri za sauti ni vya hospitali anaweza kuokoa miezi ambayo vinginevyo ingepotea.

WHO inaeleza kuwa walau mtu 1 kati ya 3 wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa, na wengi wa waliobaki huweza kuishi, kufanya kazi na kulea familia wakiwa katika matibabu. Matumaini hayo hutegemea siku ambayo mtu wa kwanza nyumbani anaposikia habari za sauti na jirani mbaya, anaacha kuuliza ni nani amemroga, na kuuliza badala yake: tangu lini hajalala?